Karani wa Stoo na Koti la Sayansi

Siku niliyoripoti kazini katika kituo cha utafiti wa mazao, nje kidogo ya mji wa Mbeya, mlinzi wa getini aliniuliza kama mimi ndiye mpishi mpya. Nikamwambia hapana, mimi ni mtafiti msaidizi, kitengo cha mahindi. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, akasema, "Basi ngoja hapo, Mama. Watafiti wakija nitawauliza kama wanakufahamu."

Nikangoja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwezi wa sita, na anayeijua Mbeya anajua baridi ya mwezi wa sita ilivyo. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani ukalala juu ya majani. Nilikuwa na stashahada yangu ya kilimo ndani ya mkoba, nimeipata kwa jasho katika darasa ambalo wasichana tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hapo nilipo nasubiri mtu aje aseme kama ananijua. Nawaambia ninyi vijana, hasira ile niliyoanza nayo kazi asubuhi ile haikuniacha mpaka nilipostaafu. Ilipungua tu siku nyingine.

Aliyekuja kunitoa getini alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Mahindi, mzee wa Kibena mwenye sauti ndogo na viatu vya mpira vilivyojaa tope. Hakuniuliza mambo mengi. Alinipeleka stoo nikapewa viatu vya mpira vya kiume, vikubwa, nikavijaza matambara kwa mbele. Kisha tukaingia shambani. Njiani akaniambia, "Binti, hapa kwetu ukitoka shambani msafi, leo hukufanya kazi." Huyo ndiye bosi wa kwanza niliyekuwa naye, na ndiye bora kuliko wote. Alistaafu mapema mno.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana watu wengi wanayala mahindi bila kujua yanavyozaliana. Mmea mmoja wa hindi una ua dume na ua jike. Dume liko juu kabisa, limechanua kama ufagio, nalo hutoa unga wa manjano unaoitwa chavua. Jike ni gunzi changa, lile linalotoa nywele kwenye kwapa la jani. Chavua ikiangukia zile nywele, punje zinatunga. Sasa mtafiti wa mbegu kazi yake ni ushenga. Unachagua bwana harusi kutoka mstari huu kwa sababu anastahimili baridi, unachagua bibi harusi kutoka mstari ule kwa sababu anabeba gunzi kubwa, kisha unawafunika wote wawili kwa mifuko ya karatasi ya kaki ili asipenye mwingine. Siku ikifika unakung'uta chavua ya huyu ndani ya mfuko, unakwenda kuimwaga juu ya nywele za yule, unamfunika tena. Unafanya hivyo mmea kwa mmea, jua limewaka, majani yanakukata shingo, chavua inakuwasha macho. Msimu wa maua ni mfupi. Ukiukosa, umepoteza mwaka mzima.

Hiyo ndiyo sayansi niliyoifanya. Nimeifanya nikiwa mwembamba, nimeifanya nikiwa na mimba, nimeifanya mtoto mchanga akiwa amelala kwenye kanga pembeni ya shamba. Na kila mwaka palifika siku moja ambayo wakubwa wangu walifanya kana kwamba kazi hiyo haipo.

Tuliiita Siku ya Wageni. Shule za sekondari za Mbeya na Iringa zilileta wanafunzi kuona utafiti. Shabaha ilikuwa njema: vijana waone, wapende, wachague masomo ya sayansi, kesho waje wafanye kazi nasi. Tulikuwa tunawahitaji sana. Msimu wa maua ukifika mikono ilikuwa haitoshi, na mistari mingine tuliiacha ijichavushe ovyo kwa kukosa watu. Sasa sikilizeni tulivyowavuta vijana hao.

Baada ya mzee wangu wa Kibena kustaafu, Mkuu wa Kituo aliyekuwepo alipenda mambo yaonekane. Wiki moja kabla ya wageni aliamuru chumba cha kupimia udongo kifagiliwe, meza zitandikwe shuka, na chupa zote za kioo zilizokuwapo zijazwe maji ya rangi. Nyekundu ilitoka kwenye wino. Zambarau ilitoka kwenye ile dawa ya kuoshea mboga. Kijani sikujua ilitoka wapi, na sikutaka kujua. Chini ya chupa moja aliwasha jiko dogo la spiriti ili itoe mvuke. Kisha akamtafuta mtu wa kusimama katikati ya chupa hizo.

Hakuchagua mtafiti. Alimchagua Bwana Sanga, karani wa stoo.

Bwana Sanga alikuwa Mkinga mmoja mtaratibu sana, hodari wa kutunza majembe na magunia. Alisoma mpaka darasa la nane. Lakini Mungu alimjalia upara wa mapema, na alivaa miwani minene, basi Mkuu wa Kituo alipomtazama akaona mwanasayansi. Akamvika koti jeupe. Na Bwana Sanga, ambaye siku zote alikuwa mtu wa maneno machache, akishavaa koti lile alikuwa mtu mwingine. Alitikisa chupa, akaikazia macho, akasema maneno ambayo hayajawahi kukutana katika kitabu chochote duniani. "Hapa hidrojeni inasukumana na ampea," aliwaambia wanafunzi. "Zikikasirika, jengo hili lote linaruka." Wanafunzi wakarudi nyuma. Walimu wakatingisha vichwa kwa heshima.

Mwaka wa kwanza kuona jambo hilo nilikuwa nimesimama mlangoni na viatu vyangu vya mpira, natoka shambani. Mwalimu mmoja aliyekuja na wanafunzi akanigeukia akasema kwa upole, "Mama, samahani, watoto wana kiu. Unaweza kutuletea maji?"

Niliwaletea. Kiu si kosa la mtoto.

Jioni nilimfuata Mkuu wa Kituo ofisini kwake.

"Ndugu Mkuu," nikasema, "watoto hawa wameondoka bila kuona hata mmea mmoja."

"Mmea?" akasema. "Wamezaliwa kwenye mimea hao. Hakuna mzazi aliyempeleka mtoto shule ili akamwone mtu kashika jembe."

"Lakini sayansi yetu iko shambani."

"Wewe unajua hivyo, na mimi najua hivyo. Wao wanataka kuona sayansi. Nimewapa sayansi. Mbona una hasira, Tusekile? Cheka kidogo."

Kusema kweli, hakuwa mjinga. Nilikuja kumwelewa baadaye, na kumwelewa kuliniudhi zaidi. Shuleni siku hizo mtoto akichelewa adhabu yake ilikuwa kwenda kulima shamba la shule. Akizungumza darasani, kulima. Akifeli, kulima. Halafu umlete kwangu umwambie kwamba huyu mama aliyejaa tope ndiye amefaulu! Ataniona mimi ni mtu aliyeadhibiwa maisha. Basi vijana wetu walikuwa na picha mbili tu. Kama sayansi ni chupa na mvuke na mzee mwenye upara anayeongea kama amepandwa na pepo, waliiogopa. Kama sayansi ni jembe na tope, waliidharau. Na sisi wenyewe ndio tulikuwa tunawachorea picha ya kwanza, kwa wino wa serikali.

Katikati ya miaka hiyo nilihamishiwa Iringa, kusimamia shamba la majaribio nyanda za juu, mahali penye ukungu mzito na udongo mwekundu. Nilikuwa msimamizi peke yangu na vibarua wachache. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alipata uhamisho akanifuata. Jirani yetu palikuwa na shule ya sekondari ya wasichana. Mkuu wa Shule, mama mmoja mcha Mungu na mkali wa usafi, alikubali wasichana wachache waje shambani kwangu siku za Jumamosi, kwa sharti kwamba warudi kabla ya sala ya jioni.

Mmoja wao aliitwa Kabula. Alikuwa kidato cha nne, mrefu, mtulivu, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaweka maskani katika bonde la Usangu, upande wa Chimala. Wenzake walikuja kwa sababu nilikuwa nawachemshia viazi. Kabula alikuja kuuliza. Sikuwahi kumfundisha jambo asiniulize la pili yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mahindi yakiwa yamesimama, alichuchumaa kati ya mistari miwili. Mwaka huo palikuwa na kutu, ugonjwa wa ukungu unaotoa vipele vya rangi ya matofali juu ya jani; ukilipangusa, kidole kinabaki na vumbi jekundu.

"Mama," akasema, "hii mistari uliipanda siku moja?"

"Siku moja."

"Mbolea moja?"

"Moja."

"Sasa kwa nini kutu imekula huu, na huu wa jirani imeupita? Majani yake yanagusana."

Nilikaa chini pale pale, ingawa nilikuwa na mimba ya mtoto wa tatu na kukaa chini ilikuwa safari. Swali lile ndilo swali la kazi yangu yote. Watu wazima wenye shahada wamepita shambani kwangu wakaona majani mabaya na majani mazuri, basi. Huyu ameona kwamba yanagusana. Nilimweleza kwamba ndani ya mmea kuna urithi, kama watoto wanavyorithi pua ya baba, na kwamba mstari ule wa pili umerithi namna ya kuukatalia ugonjwa. Namna gani hasa unaukatalia, nikamwambia, bado tunatafuta.

"Bado mnatafuta," akarudia. Akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. "Kumbe kuna vitu bado."

Nikajua huyu ni wetu. Nilimwambia mume wangu usiku ule, "Nimepata mtu."

Wiki mbili baadaye shule ikaenda Mbeya, Siku ya Wageni.

Sikuwapo. Tumbo lilikuwa limefika mahali ambapo barabara ile na malori yake hayakunifaa. Jumamosi iliyofuata wasichana wakaja, Kabula hayumo. Jumamosi ya pili pia hayumo. Nikauliza. Wakaanza kucheka wakizibana mbavu. "Elektroni anasoma historia," mmoja akasema.

Nilikwenda shuleni kwa miguu yangu. Nikamkuta Kabula ameketi nyuma ya bweni anafua. Akapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniacha na mahindi yangu."

Akaendelea kusugua kola ya shati. Kisha akaniambia, polepole. Kwamba kule Mbeya walipokuwa wanapelekwa maabara walipita kando ya shamba, akaona kutu kama ya kwetu. Kwamba alipofika mbele ya yule bwana mwenye koti akanyoosha mkono akamwuliza: kutu inaingiaje ndani ya jani, na kwa nini majani mengine inashindwa kuyaingia? Alijua kwamba hapo ndipo kituo kikubwa, na kwamba kama kuna mtu anayejua zaidi yangu, ni huyo.

"Akasemaje?"

"Akasema ni mambo ya elektroni. Nikauliza elektroni zinafanyaje. Akacheka. Akasema, binti, hayo mambo ni makubwa, ukiyaweka yote humo kichwani kitapasuka, uje kukosa mume. Wote wakacheka, Mama. Hata Mwalimu alicheka. Sasa wananiita Elektroni."

"Kabula, nisikilize. Yule si mwanasayansi. Yule ni karani wa stoo! Kazi yake ni kugawa majembe. Walimvika koti tu."

Nilidhani nimemfungua. Nilidhani atacheka, au atakasirika pamoja nami. Aliacha kufua, akanitazama, na machozi yakaanza kumtoka.

"Karani?" akasema. "Nami nimesimama mbele yake nikaona mjuzi? Nikaamini kila kitu? Basi kama siwezi kumtambua hata karani, Mama, hiyo sayansi nitaiwezaje?"

Nimefikiria jibu la swali hilo kwa miaka mingi. Siku ile nilisema maneno ya kumbembeleza, yakapita kama maji juu ya jani la mgomba.

Kutoka hapo nikaingia ofisini kwa Mkuu wa Shule. Nikamwomba abadilishe masomo ya Kabula ya kidato cha tano, ayarudishe kwenye biolojia na kemia.

"Mapendekezo yamekwisha kwenda mkoani," akasema. "Na nikuambie ukweli, Mama? Nimeshukuru. Kabula ni binti mzuri. Wasichana wanaozama kwenye sayansi hukauka. Hawaolewi, hawazai, wanakuwa kama wanaume."

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, tumbo limenitangulia, na mtoto wangu wa pili ameshika sketi yangu anataka kwenda haja.

"Mimi je?" nikamwuliza.

Akanitazama kwa mapenzi kabisa. "Wewe ni bibi shamba, mpenzi. Hiyo ni tofauti."

Nilimpeleka mtoto chooni.

Baba yake Kabula alikuja kabla mimi sijajifungua. Aliteremka basi kutoka Chimala, akatembea mpaka kwangu, mzee mrefu mwenye fimbo na koti la mtumba, akakataa kukaa mpaka mume wangu alipotoka nje kumkaribisha. Nilijiandaa kwa ugomvi. Watu walikuwa wamenijaza kwamba wafugaji hawataki binti asome, kwamba kwao binti ni ng'ombe wa mahari. Mimi mwenyewe nilikuwa ninaamini hivyo.

"Mama," akasema, "mimi sikusoma. Nataka niulize tu. Mtoto wangu mlimfanya nini?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Huyu tangu mdogo anauliza," akasema. "Tulipoteza ndama wengi kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Watoto wengine walilia. Huyu hakulia, alikuja akaniuliza: baba, mbona wa ng'ombe huyu wanakufa kila mara, na wa yule hawafi, na kupe ni wale wale? Nikasema sijui. Nikasema nenda shule ukaniletee jibu. Niliuza madume mazuri kwa ajili ya jibu hilo. Sasa ananiambia, baba, sayansi ni ya watu wa namna nyingine."

Nilimmiminia chai.

"Watu gani hao?" akaniuliza. "Sisi kwetu, anayewajua ng'ombe ni yule anayenuka ng'ombe. Kwenu ni vipi?"

Nilitamani Mkuu wa Kituo angekuwa amekaa pale, kwenye kile kigoda, ajibu yeye.

Mtoto alipokuwa na miezi michache nilimfunga mgongoni nikapanda basi kwenda Mbeya. Mkuu wa Kituo alinipokea vizuri, akamshika mtoto shavu, akasikiliza habari za Kabula, akasikitika. "Lakini mmoja," akasema. "Na wangapi wamefurahi? Afisa Elimu wa Mkoa mwenyewe alikuja, akacheka mpaka machozi. Alisema haijawahi kutokea ziara nzuri kama ile."

"Ndugu Mkuu, tangu tuanze Siku ya Wageni, ni msichana gani ameomba kuja kufanya kazi hapa?"

Akafunga faili lililokuwa mbele yake.

"Mvulana je?"

"Vijana wa siku hizi hawapendi kazi ngumu," akasema, akafungua faili lingine.

Basi nikaenda stoo. Bwana Sanga alikuwa anapanga magunia. Nilikuwa nimepanga kumtukana njia nzima kutoka Iringa, lakini nilipomweleza kuhusu Kabula alikaa juu ya gunia, akavua miwani, akabaki anaipangusa bila kuitazama.

"Alikuwa wa kweli?" akaniuliza. "Nilidhani ananijaribu. Nilidhani anajua mimi ni karani anataka kuniumbua mbele ya watu. Nikaogopa, Mama. Nikamgeuzia mzaha." Akavaa miwani. "Mimi nilitaka kusoma sayansi. Darasa la nane mwalimu aliniambia, Sanga, wewe kichwa chako ni cha kuhesabu magunia. Hii ndiyo siku moja katika mwaka ambayo watoto hunisikiliza."

Nikamtazama. Yule aliyemvunja Kabula kumbe alikwisha kuvunjwa yeye kwanza, kwa maneno yale yale. Sikujua nimkasirikie nani. Hilo ndilo linalochosha katika mambo haya: ukimfuata mkosaji unakuta ni majeruhi, na nyuma yake yuko mwingine, na nyuma yake mwingine.

"Basi jifunze," nikamwambia. "Nitakufundisha."

Na alijifunza, jamani. Nilirudishwa Mbeya mwaka uliofuata, na jioni baada ya kazi Bwana Sanga alikuja shambani na suruali yake iliyonyooshwa, akavaa viatu vya mpira, akajifunza kufunika, kukung'uta, kuchavusha. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Alijifunza kutazama kutu kwa hadubini, ile darubini ya vitu vidogo, mpaka nimfukuze. Siku ya Wageni ilipofika aliomba mwenyewe asivae koti. Aliwatoa wanafunzi kwenye chupa, akawapeleka kwenye mistari, akawaonyesha dume na jike, akawaambia chagueni nani aoane na nani. Mvulana mmoja alimwuliza jambo gumu kuhusu rangi za punje. Bwana Sanga akafikiri, akasema, "Hilo silijui. Mama yule pale labda anajua. Naye asipojua, tutakuwa na kazi ya kufanya." Nilijisikia kama nimezaa.

Mnataka kujua walimu walisemaje? Walilalamika. Walimwambia Mkuu wa Kituo kwamba mwaka huu ziara ilipooza, kwamba yule profesa alikuwa bora zaidi zamani, alipokuwa na moto na mvuke. Mwalimu mmoja alikwenda mbali zaidi, akamweleza Afisa Elimu kwamba wanafunzi walitumikishwa shambani na viatu vyao viliharibika. Mimi nikaitwa, nikaonywa. Mwaka uliofuata chupa zikarudi mezani, na kwa kuwa Bwana Sanga alikataa kabisa kusimama nyuma yake, wakamvika koti dereva.

Kabula alisoma historia na Kiswahili, akawa mwalimu, baadaye mkuu wa shule upande huo huo wa Usangu. Ni mwalimu mzuri, na sitaki mtu aseme kwamba alipotea. Nilikutana naye miaka mingi baadaye sokoni Chimala, mimi nimekwenda kununua mchele. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai. Nikamwuliza kama anajuta.

"Historia naipenda, Mama," akasema. "Nisingeiacha sasa. Ila sikuichagua. Niliikimbilia." Akakoroga chai yake. "Shuleni kwangu nimekataza kumpeleka mtoto shambani kwa adhabu. Walimu wangu wanasema nawadekeza."

"Waache waseme," nikamwambia, na tukacheka, na kwa mara ya kwanza nikamwona tena yule msichana aliyechuchumaa kati ya mistari.

Ninyi mnaosoma haya, mkiwa na mtoto nyumbani anayeuliza maswali, naomba kitu kimoja tu. Msimwambie kwamba ana kichwa kikubwa, wala msimwite profesa. Mkifanya hivyo mnamtenga na wenzake mkidhani mnamsifu. Mjibuni. Kama hamjui, semeni hamjui, kisha mwende naye mkatazame.

Nilistaafu kituo kile kile nilichoanzia. Walinifanyia hafla ukumbini, na Mkuu wa Kituo wa wakati huo, kijana msomi, alisoma hotuba ndefu. Alisema mimi ni mama mlezi, mchapakazi, mvumilivu, mcheshi, nguzo ya kituo, mama ambaye hakuchoka na jembe. Nilisubiri neno moja. Hotuba ikaisha, halikuja. Wakanipa kitenge na redio, wakaniomba niseme machache kabla ya chakula.

Nikasimama. "Naitwa Tusekile," nikasema. "Mimi ni mwanasayansi. Baadhi ya mahindi mnayosaga majumbani kwenu nimeyazalisha mimi. Nilitaka mlisikie neno hilo sasa, maana sahani zikifika hamtanisikia."

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akasema, "Mama yetu bado ana utani wake!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakapiga makofi, wakanionyesha kwa mikono niketi nile.

Nilikaa. Kisha nikasimama tena.